Maana ya kuamini na kuabudu miungu wengi: je, tofauti iko katika idadi tu?

Mdadisi ameuliza:

Ndugu wasomaji, nina swali ambalo limekaa nami tangu nilipoanza kusoma historia ya dini, na ninaomba wenye elimu wanielekeze kwa utaratibu. Vitabu vya shule hugawa dini katika mafungu mawili, za Mungu mmoja na za miungu wengi, kisha husonga mbele kana kwamba jambo limekwisha. Nikisoma zaidi ninaona kwamba mgawanyo huo hausimami imara. Wayoruba wanamtambua Olodumare aliye juu ya wote, na chini yake wako orisha wengi wanaopokea ibada. Wahindu wengi husema kwamba miungu wao ni sura za uhalisi mmoja. Waarabu wa Makka kabla ya Uislamu walikuwa na masanamu, na bado walimjua muumba wa mbingu na ardhi. Kwa upande mwingine, Zaburi ya 82 katika Biblia inamwonyesha Mungu akihukumu katikati ya miungu.

Kwa hiyo ninauliza mambo mawili. Kwanza, mtu anayeamini miungu wengi anaamini nini hasa? Je, anachukua kile ambacho wafuasi wa Mungu mmoja wanakiamini na kukizidisha mara kumi au mara mia, au anawaza jambo jingine kabisa? Pili, kuabudu kwenyewe kunakuwaje? Sielewi namna moyo wa mwanadamu unavyoweza kugawanywa kwa wengi pasipo ibada kupoteza uzito wake. Sikusudii kudharau imani ya mtu yeyote. Ninataka kuelewa kabla ya kuhukumu.

Msomaji wa Historia amejibu:

Ndugu Mdadisi, sehemu ya kwanza ya swali lako ndiyo inayofungua mengine yote, na jibu langu ni kwamba mwenye kuabudu miungu wengi hazidishi. Ukidhani kwamba Mgiriki wa kale alikuwa na miungu kumi na wawili wenye sifa za Mungu wa Ibrahimu, kila mmoja akiwa muumba wa vyote na mjuzi wa yote, hutamwelewa hata kidogo. Miungu wa Babeli na wa Ugiriki hawakusimama nje ya ulimwengu. Walizaliwa ndani yake. Utenzi wa uumbaji wa Wababeli unaanza na maji ya kale, Apsu na Tiamat, kabla ya mungu yeyote kuitwa kwa jina, na humo miungu wanatokea kizazi baada ya kizazi. Marduk, aliyekuja kuwa mkuu wa Babeli, ni mtoto wa vizazi vya mwisho. Wenzake wanampa ufalme ili apigane na Tiamat, naye akishamshinda anaziumba mbingu na nchi kutokana na mwili wake, kisha anatukuzwa kwa majina 50. Kwa Hesiod, mshairi wa Ugiriki ya kale, hali haiko mbali na hiyo: Zeus ni wa kizazi cha tatu, baada ya Uranus na Kronos, na utawala wake aliupata kwa vita. Mungu wa namna hii ana nguvu na anastahili heshima, lakini si chanzo cha kila kilichopo.

Kwa kuwa si chanzo cha vyote, ana eneo lake. Kwa Wagiriki bahari na matetemeko ya ardhi ni ya Poseidon, kwa Wamisri uandishi ni wa Thoth, jua na haki katika Mesopotamia ni vya Shamash. Mara nyingi ana pia nchi yake, na hapa Biblia yenyewe ni shahidi mzuri kuliko wengi. Katika 2 Wafalme 5, Naamani wa Shamu anapoponywa ukoma anaomba udongo wa kubebwa na nyumbu wawili, ili akirudi kwao amwabudu Mungu wa Israeli juu ya udongo wa Israeli. Katika sura ya 17 ya kitabu hicho hicho, wageni waliohamishiwa Samaria wanashambuliwa na simba, na maelezo wanayoyatoa ni kwamba hawajui desturi ya mungu wa nchi ile. Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya 9 KK, aliandika kwenye jiwe ambalo leo liko Louvre kwamba Israeli waliitesa Moabu kwa sababu Kemoshi, mungu wa Moabu, aliikasirikia nchi yake. Ni fikra ile ile, imetoka upande wa pili wa mpaka.

Kutokana na hayo, miungu wa jirani hawakuwa lazima wawe wa uongo. Mnamo mwaka 1259 KK, Ramesses II wa Misri na Hattusili III, mfalme wa Wahiti, walipatana kwa mkataba wa amani, na mashahidi wa mkataba huo ni miungu elfu wa Misri na miungu elfu wa Hatti. Mmisri aliyekubali kiapo hicho alihitaji miungu wa Wahiti wawe na uwezo wa kweli wa kumwadhibu mvunja kiapo, maana kiapo kwa asiyekuwapo hakimfungi mtu.

Sasa kuhusu ibada. Kwa watu hao ibada ilikuwa huduma na maagano kabla ya kuwa hisia za moyoni. Katika mahekalu ya Mesopotamia sanamu ya mungu ilivikwa nguo, iliandaliwa chakula kila siku, na ilitolewa kwa maandamano wakati wa sikukuu. Msidhani, hata hivyo, kwamba walichukulia mti uliochongwa kuwa mungu. Sanamu mpya ilipitishwa katika ibada ya kuoshwa na kufunguliwa kinywa, na mafundi walioichonga walitamka mbele ya makuhani kwamba si wao walioitengeneza, huku mikono yao ikikatwa kwa ishara tu. Ibada hiyo ilikuwa na lengo la kuikana kazi ya mikono ya binadamu, ili mungu aweze kukaa ndani ya kile kilichochongwa. Kwa Warumi nadhiri ilikuwa kiini cha mambo: mtu aliahidi madhabahu au dhabihu iwapo ataokolewa, na akiokolewa alilipa. Madhabahu nyingi sana zilizochimbuliwa katika majimbo ya Dola ya Roma zina maandishi yanayosema kwamba mwenye nadhiri ameitimiza kwa hiari, kama ilivyostahili.

Hakukuwa na kanuni ya imani ya kukariri. Plinius, gavana wa Kirumi wa jimbo la Bitinia, alipowahoji Wakristo mnamo mwaka 112, hakuwataka waeleze wanachoamini juu ya Jupita, mungu mkuu wa Warumi. Aliwataka wawaombe miungu, watoe divai na ubani mbele ya sanamu ya mfalme, na wamlaani Kristo. Waliokataa walionekana kuwa wakaidi, na Wakristo kwa jumla waliitwa watu wasio na mungu, kwa kuwa waliwanyima miungu wa mji haki yao.

Mwanafunzi wa Tauhidi amejibu:

Nimefaidika na maelezo ya ndugu yetu Msomaji wa Historia, na ninamshukuru. Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo siwezi kuliacha lipite. Ukisema kwamba ibada ilikuja kabla na imani ikafuata nyuma, unaacha swali kubwa bila jibu. Anayeweka nadhiri anaamini kwamba anayemwekea nadhiri anasikia, anaweza kutoa, na anaweza kunyima. Hiyo tayari ni imani, na ni imani nzito, hata kama haikuandikwa popote.

Mfano wa Makka ambao ndugu Mdadisi ameugusia ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu unaonyesha mahali hasa ambapo mpaka unapita. Qur'ani haiwaelezi washirikina wa Makka kuwa watu waliodhani Lata, Uzza na Manata waliumba mbingu. Katika Surat Al-Ankabut aya ya 61 inaelezwa kwamba wakiulizwa ni nani aliyeziumba mbingu na ardhi na kulitiisha jua na mwezi, watasema ni Mwenyezi Mungu. Aya ya 65 ya sura hiyo hiyo inaongeza kwamba wanapopanda jahazi humwomba Mwenyezi Mungu peke yake kwa unyofu, na anapowafikisha salama nchi kavu ndipo wanarudi kumshirikisha. Na katika Surat Az-Zumar aya ya 3 wanatoa sababu yao wenyewe: hatuwaabudu hawa ila wapate kutukurubisha kwa Mwenyezi Mungu.

Tazameni uzito wa hayo. Kwa upande wa uumbaji, watu hao walikuwa na mmoja. Kwa upande wa dua, nadhiri, kuchinja na kutafuta uombezi, walikuwa na wengi: Lata alikuwa na nyumba yake Taif, Uzza alikuwa Nakhla, Manata alikuwa njiani kati ya Makka na Madina, na Kaaba ilizungukwa na masanamu hadi Mtume Muhammad (S.A.W.) alipoyaondoa mwaka 630. Ndiyo maana wanavyuoni wetu hutenganisha kumpwekesha Mwenyezi Mungu katika ubwana wake, yaani kukiri kwamba yeye ndiye muumba na mwendeshaji, na kumpwekesha katika ibada. Mtu anaweza kulikubali la kwanza na akaliharibu la pili. Kwa msingi huo, jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba idadi ya waumbaji haitoshi kuwa kipimo. Uliza ni nani anayeombwa, ni nani anayeogopwa kwa siri, na ni nani anayechinjiwa.

Utenzi wa Marduk na Tiamat nao una jibu lake katika Surat Al-Muuminun aya ya 91, inayosema kwamba lau wangekuwapo miungu wengine, kila mungu angeondoka na alichokiumba, na baadhi yao wangewashinda wengine. Wababeli walisimulia vita hivyo hivyo kama habari ya kweli. Qur'ani inavitaja kama jambo ambalo mpangilio wa ulimwengu unalikanusha. Ninaona hapo pande mbili zinakubaliana juu ya matokeo ya kuwapo miungu wengi, na zinatofautiana juu ya kama matokeo hayo yanaonekana.

Msomaji wa Biblia amejibu:

Ninaongeza machache tu upande wa Israeli, kwa kuwa mara nyingi tunasoma kana kwamba taifa lile lilikuwa na imani ya Mungu mmoja bila mvutano. Manabii hawakuwa wakipigana na watu waliomkana Bwana. Eliya pale Karmeli alizungumza na watu waliokuwa wakimtumikia Bwana na Baali pamoja, na inaelekea hawakuona tatizo: mmoja alikuwa Mungu wa agano na wa kutoka Misri, mwingine alitazamiwa kuleta mvua. Katika 2 Wafalme 23, mfalme Yosia anaitoa Ashera, alama ya mungu wa kike wa jina hilo, ndani ya hekalu la Yerusalemu lenyewe, mnamo mwaka 622 KK. Maandishi ya karne ya 8 KK yaliyogunduliwa Kuntillet Ajrud, katika jangwa la Sinai, yanabariki kwa jina la Yahwe, yaani Bwana, na Ashera wake. Hivyo amri ya kutokuwa na miungu mingine ilihusu kwanza utii na ibada, na tamko kamili kwamba hakuna mwingine kabisa tunalipata kwa uwazi mkubwa katika Isaya 45. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 8, anakubali kwamba wako wanaoitwa miungu wengi na mabwana wengi, kisha anasema kwetu sisi Mungu ni mmoja. Nakubaliana na Mwanafunzi wa Tauhidi kwamba mpaka unapita kwenye ibada.

Mwalimu wa Falsafa amejibu:

Mazungumzo yamekwenda vizuri, nami ninaomba tusiyafunge kwenye Mashariki ya Karibu peke yake, maana dini zilizo hai leo zinatulazimu tufikiri zaidi.

Katika Upanishad ya Brihadaranyaka, mojawapo ya maandiko ya kale ya Wahindu, mwenye hekima Yajnavalkya anaulizwa na Vidagdha Shakalya: miungu ni wangapi? Anajibu kwanza kwa hesabu ya zamani, 303 na 3003. Anaulizwa tena, naye anasema 33. Anaulizwa tena na tena, na majibu yanashuka: 6, kisha 3, kisha 2, kisha mmoja na nusu, na mwisho mmoja. Kinachonigusa katika mazungumzo hayo ni kwamba hakuna jibu linalofutwa na lile linalofuata. Yajnavalkya anaeleza kwamba wale maelfu ni nguvu za wale 33, na anaendelea hivyo hadi kufika kwa mmoja. Muulizaji wa sasa angependa kumshika hapo na kumwambia achague, naye asingeona sababu ya kuchagua.

Hata hivyo ni kosa kusema kwamba Wahindu wote ni waamini wa mmoja waliojificha nyuma ya sura nyingi. Wafuasi wa mwanafalsafa Shankara hufundisha kwamba tofauti kati ya miungu ni ya ngazi ya chini ya ukweli na kwamba Brahman, yaani ule uhalisi mmoja, peke yake ndiye halisi kwa maana ya mwisho. Madhva, aliyefundisha katika karne ya 13, alilipinga jambo hilo kwa nguvu zake zote: kwake Vishnu ni mkuu kuliko wote, na miungu wengine ni halisi, wako tofauti naye, na wako chini yake. Wako pia waabudu wengi ambao hawajajishughulisha na mjadala huo, nao wanamwendea Ganesha kabla ya kuanza kazi mpya na Lakshmi kwa ajili ya neema ya nyumba. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba yeye hasa anaabudu mmoja ni kumsemea kabla hajafungua kinywa.

Tatizo la kuwasemea watu limekuwapo pia katika masomo ya dini za Afrika. Bolaji Idowu wa Nigeria, katika maandishi yake ya mwaka 1962, alieleza dini ya Wayoruba kuwa ni imani ya Mungu mmoja iliyotawanyika, ambamo orisha ni wahudumu wa Olodumare. John Mbiti wa Kenya alikusanya habari za Mungu kutoka kwa watu wa karibu makabila 300 na kuonyesha kwamba kila mahali yupo Mungu Mkuu. Okot p'Bitek wa Uganda aliwajibu kwa ukali mwaka 1970: alisema kwamba wamisionari, na baada yao wasomi Waafrika waliofundishwa teolojia, waliwavika miungu wa Afrika mavazi ya Kigiriki, wakawapa sifa za kuweza yote na kujua yote ambazo wenyeji hawakuwa wakizizungumzia. Mimi ninaona p'Bitek alikuwa na haki kuhusu njia, ingawa simfuati katika kila hitimisho. Olodumare hana mahekalu na dhabihu za mara kwa mara kama walivyo nazo Ogun, Shango au Oshun. Idowu anaeleza hilo kwa kusema kwamba kila dhabihu inamfikia Mungu Mkuu kupitia kwa wahudumu wake. Mwanafunzi wa Tauhidi, kwa kipimo alichotupa, angesema kwamba huo ndio ushirikina wenyewe. Ushahidi ni mmoja na hukumu ni mbili, kwa sababu hao wawili hawakubaliani ibada inayopitia kwa mwingine ni ya nani.

Nikirudi kwenye swali la Mdadisi: ninafikiri tunahitaji kutofautisha hali kadhaa ambazo vitabu huziweka katika kapu moja. Yuko anayeamini miungu wengi wa kweli na kuwaabudu wengi, kama raia wa Athene. Yuko anayeamini kwamba wako wengi na kumwabudu mmoja tu kwa uaminifu, na pengine hii ilikuwa hali ya Waisraeli wengi kwa muda mrefu. Yuko anayemwimbia kila mungu sifa za juu kabisa kwa zamu, kama tunavyoona katika Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo takatifu za Wahindu, ambamo Indra, Agni na Varuna kila mmoja husifiwa kana kwamba hana mwenzake. Na yuko anayeona wengi kuwa nyuso za mmoja. Mtu mmoja anaweza kupita katika hali zaidi ya moja kati ya hizo maishani mwake, au hata katika siku moja ya sikukuu.

Nina ombi moja la mwisho. Tusiyapange mambo haya kama ngazi ambayo wanadamu wote wamepanda. David Hume, mwaka 1757, alidai kwamba dini ya kwanza ya binadamu ilikuwa ya miungu wengi na kwamba ilizaliwa na hofu na matumaini ya maisha ya kila siku. Edward Tylor, mwaka 1871, aliijenga ngazi kamili kutoka imani ya roho hadi Mungu mmoja. Kasisi Wilhelm Schmidt, kuanzia mwaka 1912, aliigeuza ngazi hiyo juu chini na kudai kwamba Mungu mmoja alikuwa wa kwanza na wengi ni kuharibika kwa imani hiyo. Wote watatu walikuwa wasomi wakubwa, na wote walijaza kwa dhana nyakati ambazo hazikuacha maandishi. Misri inatosha kutuonya: Farao Akhenaten, mnamo mwaka 1350 KK, aliinua ibada ya Aten, yaani duara la jua, peke yake na akaagiza jina la mungu Amun lifutwe kwenye kuta, na baada ya kifo chake Wamisri walirudi kwa miungu wao ndani ya miaka michache.

Mdadisi ameuliza tena:

Ninawashukuru sana, waalimu wangu. Sasa ninaona kwamba nilikuwa ninauliza juu ya hesabu wakati ambapo jambo lenyewe ni uhusiano kati ya anayeabudu na anayeabudiwa. Bado, hata hivyo, sijapata jibu kamili la moyo uliogawanyika. Zaidi ya hapo, nimewahi kusoma kwamba dini za miungu wengi kwa asili yake huvumilia dini nyingine, na kwamba ukatili wa kidini uliletwa na imani ya Mungu mmoja. Je, historia inalithibitisha hilo? Na kama miungu wanatofautiana wao kwa wao, mwanadamu anayetaka kuishi kwa haki anamfuata nani?

Msomaji wa Historia amejibu:

Moyo uliogawanyika ni tatizo la yule ambaye ameamriwa kumpenda Mungu kwa moyo wake wote. Mgiriki hakuamriwa hivyo. Euripides aliandika mchezo juu ya Hippolytus, ulioonyeshwa Athene mwaka 428 KK, na hakuna maandishi ninayoyajua yanayoeleza jambo hili kwa uchungu zaidi. Kijana Hippolytus anampenda Artemi, mungu wa kike wa mawindo na ubikira, kwa moyo wake wote, naye anakataa kumheshimu Afrodite, mungu wa kike wa mapenzi. Kwa macho ya mfuasi wa Mungu mmoja, huyo ni mcha Mungu wa mfano. Ndani ya mchezo huo kujitoa kwake kwa mmoja ndiko kunakomwangamiza, kwa sababu Afrodite ni nguvu ya kweli katika maisha ya binadamu na hakubali kupuuzwa. Artemi anakuja mwishoni kumfariji, na anakiri kwamba ni desturi ya miungu kutozuia mapenzi ya mwenzao. Kwa hiyo uchaji katika imani ya namna hii ni kumpa kila mmoja haki yake na kutomwacha yeyote nje. Kosa kubwa ni kusahau. Ninaiheshimu hekima iliyomo humo, maana inakiri kwamba maisha yana madai mengi yasiyopatana, lakini ninaona pia ukatili wake: Hippolytus hana mahali pa kukata rufaa.

Kuhusu uvumilivu, ukweli uko katikati. Warumi waliwakaribisha miungu wageni: mwaka 396 KK, walipouzingira mji wa Veii, walimwomba Juno wa mji huo ahamie Roma, na mwaka 204 KK walimleta mungu wa kike Kibele kutoka Asia Ndogo kwa ushauri wa vitabu vya Sibila, yaani vitabu vyao vya unabii. Lakini mwaka 186 KK Baraza la Seneti lilizivunja jumuiya za waabudu wa Bakus, mungu wa divai, na watu wengi waliuawa. Waathene walimhukumu Socrates kifo mwaka 399 KK, na mojawapo ya mashtaka ni kutowatambua miungu wanaotambuliwa na mji. Senakeribu wa Ashuru alipoiangamiza Babeli mwaka 689 KK, askari wake walivunja sanamu za miungu ambao Waashuru wenyewe waliwaheshimu. Mlango wa miungu wapya ulikuwa wazi, ila funguo zilishikwa na dola, na ibada iliyokusanya watu nje ya macho ya dola ilihesabiwa kuwa hatari.

Mwalimu wa Falsafa amejibu:

Swali la haki, Mdadisi, limeulizwa kabla yako na Socrates alipozungumza na mtu aitwaye Euthyphro, kama Plato anavyosimulia. Euthyphro anasema kwamba kilicho kitakatifu ni kile kinachopendwa na miungu. Socrates anamkumbusha kwamba kwa masimulizi yake mwenyewe miungu hugombana, na wakigombana basi tendo lile lile litapendwa na mmoja na kuchukiwa na mwingine, hata liwe takatifu na lisilo takatifu kwa wakati mmoja.

Jamii nyingi zenye miungu wengi zilikuwa na njia ya kulikabili hilo, nayo ni kuiweka haki mahali pengine badala ya kwenye mapenzi ya mungu mmoja mmoja. Wamisri waliiita Maat, utaratibu wa kweli na haki ambao miungu wenyewe walitakiwa kuudumisha, na ambao pia waliuabudu kama mungu wa kike. Katika hukumu ya marehemu moyo wake ulipimwa kwa mizani dhidi ya unyoya wa Maat, naye alitamka maovu ambayo hakuyatenda: kwamba hakuua, hakuiba, hakupunguza kipimo cha nafaka. Katika Rigveda, Varuna na Mitra ni walinzi wa rita, mpangilio wa ulimwengu ambao wao wanaulinda bila kuutunga. Kwa hiyo mwenye kutaka kuishi kwa haki hakuwa akipiga kura kati ya miungu. Alikuwa akijipatanisha na utaratibu ambao wote waliutumikia, hata pale masimulizi yalipowaonyesha wakiuvunja.

Socrates hakuishia hapo, na sehemu ya pili ya hoja yake inawahusu wanaoamini Mungu mmoja kwa kiwango kile kile. Anauliza kama kitakatifu kinapendwa na miungu kwa sababu ni kitakatifu, au ni kitakatifu kwa sababu wanakipenda. Ukiondoa wengi na kumwacha mmoja, ugomvi wa miungu unakwisha lakini swali linabaki. Wanateolojia wa Kiislamu walilishughulikia kwa kina bila kuhitaji msaada wa Euthyphro: Muutazila walishikilia kwamba akili inaweza kulitambua jema na ovu lenyewe, na Ash'ari wakashikilia kwamba jema ni jema kwa amri ya Mwenyezi Mungu. Mjadala huo unahitaji uzi wake peke yake, na ninamwomba ndugu Mwanafunzi wa Tauhidi aufungue, kwa kuwa yeye anayajua maandishi hayo kuliko mimi.